Mimbari Nayo ni Darasa la Lugha

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini ilimtaka kiongozi wa kanisa, pamoja na mhubiri mwenye kusimamia wenziwe, awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine iliyoandamana na cheti cha elimu hiyo. Muda wa miaka mitano waliopewa ulikwisha mwaka 2023, na watu waliozoea mimbari kwa miaka mingi ikawalazimu kurudi darasani. Sisi hatuna ugomvi na elimu; mwalimu atagombana vipi na elimu? Ugomvi wetu ni na mafunzo yanayompa mhubiri kila kitu isipokuwa lugha atakayohubiria.

Tuitazame Muganza, katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyoitwa Cyangugu hapo zamani. Hapo ndipo penye kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na jirani yake ni mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama. Kongo iko ng'ambo ya mto, upande wa Kamanyola. Burundi nayo haiko mbali. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani, lakini mahali palipokaribiana na nchi mbili nyingine Kiswahili hakiepukiki. Tena tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Mhubiri wa mahali kama hapo, akipenda asipende, iko siku atasimama mbele ya watu ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Je, nani amemwandaa kwa siku hiyo?

Wapo wasemao kwamba Kiswahili si lugha ya kanisa nchini Rwanda. Kauli hiyo ina mizizi mirefu. Wakati wa Wajerumani, waliotawala hadi mwaka 1916, Kiswahili kilitumika katika kazi za utawala. Lakini wamisionari wengi walikitilia shaka kwa kukiona ni lugha ya Waislamu na wachuuzi wa mijini. Shaka hiyo haikuwa na msingi wakati ule, wala haina msingi leo. Edward Steere, askofu wa Kianglikana, alikuwa akikitumia Kiswahili kwa kazi ya kanisa kule Unguja katika karne ya 19. Hata Cyangugu yenyewe, Wapentekoste kutoka Uswidi walioanzisha kazi yao Gihundwe mwaka 1940 walitokea Kongo, nchi ambayo sehemu kubwa ya mashariki yake husema Kiswahili. Lugha haina dini. Dini ndiyo inayohitaji lugha.

Wapo pia wasemao kwamba ajuaye Kinyarwanda hana haja ya kufundishwa Kiswahili, maana lugha hizi ni ndugu. Ni kweli ni ndugu, lakini ndugu nao hukosana. Mnyarwanda asemapo Imana, amemtaja Mungu. Mswahili asikiapo imani, amesikia habari ya kuamini. Mnyarwanda humwita Mwokozi Umukiza. Kumbe kwa Mswahili kiza ni giza! Ubuntu bw'Imana ni neema ya Mungu. Lakini mhubiri akitafsiri kwa haraka akasema "utu wa Mungu", hakukosea lugha peke yake, bali amebadili na fundisho. Wahenga walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi ukijikwaa mimbarini, hauanguki peke yake. Huanguka na wote wanaousikiliza.

Kosa la pili limo katika vitabu vya kufundishia kuhubiri. Vingi vimetungwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mwanafunzi huvifuata kama sheria. Baadhi ya vile vya Kiingereza humfundisha kugawa mahubiri katika vichwa vitatu vinavyoanza kwa herufi moja. Kwa Kiingereza ni msaada wa kumbukumbu. Mwanafunzi akivihamishia katika Kiswahili, herufi zinapotea na vichwa vinabaki vimekauka, au anatafuta maneno ya kulazimisha hata maana ikapotoka. Kumbe Kiswahili kina vyombo vyake. Kina upatanisho wa ngeli, unaoifanya sentensi nzima iitikiane sauti. Kina methali na ngano. Kina kiambishi -ka- cha kusimulia, kinachomvuta msikilizaji kutoka tendo hadi tendo. Linganisheni, ndugu walimu: "Msamaria alifika, na alimwona, na alimhurumia", na "Msamaria akafika, akamwona, akamhurumia." Ya kwanza ni orodha, ya pili ni safari. Mhubiri asiyefundishwa tofauti hiyo atalisimulia tukio zima kama mtu anayesoma hesabu za duka, kisha atashangaa kuona watu wanasinzia.

Tunajibiwa kwamba mkalimani atatosha. Hatumdharau mkalimani, kazi yake ni ngumu na ina heshima yake. Lakini kumfanya ndiye dawa ya kutojifunza ni kumbebesha mzigo usio wake. Mhubiri amejiandaa wiki nzima. Mkalimani hupewa kila sentensi papo hapo, na huambiwa achague neno la kutajia neema, toba au wokovu kabla hajapumua. Halafu hotuba yenyewe hukatwa vipande vipande, na kila hisia inapoanza kupanda hukatizwa. Fundisho hilo zito limeachiwa yule ambaye hakupewa nafasi ya kuliandaa.

Na wako wanaotuambia kwamba maandalizi si kitu, kwa kuwa maneno yatatolewa na Roho saa ile ile. Wao hutegemea sura ya kumi ya Injili ya Mathayo. Basi waisome sura yote: ahadi ile wamepewa watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya watawala, si mtu aliyekuwa na siku sita za kujiandaa akazipoteza.

Kisha tunawageukia wenzetu walimu wanaosema, "Mimbari si kazi yetu." La hasha! Augustino wa Hippo, pale ambapo leo ni Algeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla hajawa askofu. Alipoandika juu ya mafundisho ya Kikristo, sehemu ya mwisho aliitenga kwa ufasaha wa mhubiri. Aliuliza kwa nini watetezi wa uongo wawe na silaha ya kusema vizuri, ilhali watetezi wa ukweli wasimame mikono mitupu. Na mwalimu huyo huyo hakuona aibu kusema kwamba ni afadhali wanasarufi wamlaumu kuliko watu wasimwelewe. Huo ndio ufasaha tunaoutaka sisi: si Kiswahili cha kujionyesha, bali Kiswahili kinachofika.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila chuo kinachowaandaa wahubiri wa maeneo ya mipakani kiwe na somo la Kiswahili, nalo litahiniwe kama masomo mengine. Pili, mwanafunzi atakayehubiri kwa Kiswahili aandae kwa Kiswahili tangu mwanzo: akisome kifungu chote, aandike kwa sentensi moja jambo ambalo msikilizaji ataondoka nalo, atafute mifano katika shamba la mpunga na soko la hapo alipo, kisha asome kwa sauti mbele ya mwenziwe kabla ya Jumapili. Tatu, itungwe orodha ya maneno ya Kinyarwanda na Kiswahili yanayofanana sauti na kutofautiana maana, nayo ianzie na maneno ya ibada. Nne, mwalimu wa Kiswahili aalikwe kuyasikiliza mahubiri ya mazoezi na kuyasahihisha, awe ni wa dini ile au sivyo.

Yupo mtu ambaye hajawahi kununua kitabu cha Kiswahili, na huenda hatanunua. Lakini kila wiki huketi akasikiliza mahubiri kwa muda mrefu kuliko anavyosikiliza hotuba nyingine yoyote. Huko ndiko anakojifunzia lugha, iwe njema au mbovu. Mwalimu wa Kiswahili anayeipa mimbari kisogo, amempa kisogo mwanafunzi huyo.