Usiliamshe Gari la Mzee kwa Pupa

Msomaji, Desemba ikifika wengi wetu hufunga safari ya mashambani. Tuseme kwenu ni Kanyangi, kule Kitui, karibu na Mto Athi. Chini ya mwembe limesimama Peugeot 504 la marehemu mzee, halijanguruma kwa miaka mitano. Mwaitu amewafukuza wanunuzi wa vyuma vikuukuu mara si haba. Si gari la kudharauliwa, maana ni 504 iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Sasa vijana wametoka Nairobi na betri mpya, nao wanataka kusikia mlio kabla ya chai.

Hapo ndipo gari huuawa. Silinda zilizokauka oili hushika kutu, na stata ikizilazimisha pistoni, hukwaruzana. Basi ufunguo utie mfukoni. Toa plagi, mimina oili kiasi cha kijiko kimoja katika kila tundu, uache hadi kesho yake. Asubuhi, gea ikiwa huru, tia spana kwenye nati ya puli iliyo mbele ya injini uizungushe polepole kwa mkono. Ikigoma, ongeza oili na subira, si nguvu. Ikikubali, badilisha oili na chujio lake, chomoa waya wa koili, kisha piga stata kidogo plagi zikiwa bado nje, ili oili ipande juu.

Petroli nayo huoza. Sehemu yake nyepesi hupaa, ikabaki kitu kama gundi kinachoziba vijitundu vya kabureta. Imwage yote mbali na meko, wala usiifyonze kwa mdomo kama wafanyavyo wengi. Safisha tangi na kabureta. Kagua mipira ya kupitishia petroli, kwani joto la Ukambani huipasua, na tone likiangukia injini yenye moto, gari na mwembe vyaweza kuondoka pamoja. Kasha la chujio la hewa lifungue kwa kijiti: panya hupenda kulala humo, na nyoka hufuata panya.

Lakini linalonitisha zaidi ni breki. Vijana husahau kwamba gari likishawaka litahitaji kusimama! Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na kutu hula ndani kwa ndani. Pedali yaweza kuwa ngumu mara ya kwanza, ikazama mara ya pili, nawe u kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Hii si kazi ya binamu anayejua magari kidogo. Tafuta fundi, afungue magurudumu yote manne. Magurudumu yenyewe pia yana umri: zile tarakimu nne ubavuni, mathalani 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Injini ikishika, iache ivume pale pale nje, kamwe si ndani ya banda, kwa kuwa sumu iliyo katika moshi wake haina harufu. Jaribu breki uani, mwendo wa mtu atembeaye. Barabara isubiri bima, na iwapo logbuku ingali kwa jina la mzee, anzeni mapema safari ya mahakamani kuhusu mirathi. Na Mwaitu, hata akiwa tayari amejifunga leso yake mpya, asipande siku hiyo ya kwanza.