Sheria ya rushwa Juba isimzibe mdomo mfanyabiashara

Mfuko wa unga unaofika dukani Lemon Gaba, Juba, kutoka Uganda huvuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha husafiri kilomita 192 za lami hadi mji mkuu. Njiani kuna vizuizi, na kwenye vizuizi kuna malipo. Ushuru halali una risiti. Kitu kidogo hakina. Vyote viwili huishia kwenye bei anayolipa mnunuzi wa kilo moja.

Sudan Kusini haikosi maandishi ya kupinga rushwa. Sheria ya Tume ya Kupambana na Rushwa ilitungwa mwaka 2009, kabla ya uhuru. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, na mwaka uliofuata ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliagiza sheria hiyo ya 2009 ipitiwe upya. Pamoja na hayo, katika orodha ya Transparency International ya mwaka 2024 nchi ilishika mkia kwa alama 8 kati ya 100.

Mjadala wa sheria hizi huelekea kwenye fedha kubwa: mafuta, zabuni, hazina. Ni haki. Lakini mwenye lori moja la nyanya ana swali jingine: akidaiwa hongo kizuizini, akalipa ili mzigo usioze, je, anaweza kwenda kushitaki bila yeye mwenyewe kuwekwa ndani?

Katika sheria nyingi za kanda, Tanzania ikiwemo, mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji. Nia ni njema, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaotoa hongo kwa hiari ili wapitishe bidhaa bila ushuru, na hao hawastahili kinga. Lakini aliyelazimishwa akiwekwa kapu moja nao, atanyamaza. Akinyamaza, ofisa hana shahidi wa kumwogopa.

India ilirekebisha sheria yake mwaka 2018: aliyeshurutishwa kutoa hongo hana kosa iwapo ataripoti kwa vyombo vya dola ndani ya siku 7. Kenya nayo, kwa Sheria ya Hongo ya 2016, inamtaka mwenye madaraka anayejua au kushuku hongo kuripoti ndani ya saa 24. Wanaoandika sheria Juba wana pa kuazima.

Kifungu cha kumlinda aliyelazimishwa kiwepo, tena kwa lugha ambayo dereva ataielewa. Orodha ya tozo zote halali ibandikwe Nimule na kwenye kila kizuizi kinachotambuliwa, na malipo yasiyo na risiti yahesabiwe kuwa hongo hadi ofisa athibitishe vinginevyo. Malalamiko yapokelewe pande zote mbili za mpaka, maana mfanyabiashara wa Arua hawezi kukaa Juba miezi akisubiri kesi.

Kuna ukweli mwingine usiofaa kufichwa. Watumishi wa umma wa Sudan Kusini wamepitia miezi mingi bila mishahara, hasa baada ya bomba la mafuta kupasuka mwaka 2024. Askari asiyelipwa hugeuza barabara kuwa mshahara wake. Hilo halihalalishi hongo, ila sheria isiyoambatana na mishahara itabaki karatasi.

Serikali nazo hupoteza. Shilingi inayoingia mfukoni mwa ofisa haifiki hazina, na hazina tupu ndiyo inayochelewesha mshahara wa ofisa huyohuyo.

Vyama vya wafanyabiashara wa Juba, Arua na Kampala visisubiri kusomewa sheria ikishapita. Vipeleke maoni bungeni kwa maandishi, vikianza na kifungu hicho kimoja: aliyelazimishwa kulipa aruhusiwe kusema.