Kuomba bei ya nyumba ipunguzwe si haya, lakini karatasi zitangulie

Mama anayeenda soko la Kenya kununua samaki halipi bei ya kwanza bila kuomba apunguziwe. Muuzaji mwenyewe angemshangaa. Lakini familia ileile ikitafuta nyumba Katuba, Ruashi ao Annexe, mambo yanageuka. Komisioneri anataja dola, watu wanaangaliana, na baba anauliza tu kama anaweza kulipa kwa mara mbili. Haya ya namna hiyo inakula pesa nyingi, na wanaoumia zaidi ni wale waliofika Lubumbashi wakikimbia vita.

Aliyetoka Mitwaba, Pweto ao Kivu hajui bei ya kila kartie. Amechoka kulala kwa ndugu, watoto wanapaswa kuanza masomo, na pesa aliyo nayo ni ya shamba ao ya ng'ombe aliouza mbio mbio. Muuzaji akiiona haraka hiyo, hapunguzi hata dola moja. Kwa hiyo ni afadhali kupanga kwanza chumba kwa miezi michache. Sheria ya mwaka 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, hata kama wengi wanaomba zaidi. Mtu mwenye pa kulala anaweza kusema hapana na kuondoka.

Komisioneri naye aeleweke vizuri. Si adui, na anaujua muji kuliko wengi. Lakini kwa kawaida sehemu yake inafuata bei: nyumba ikiuzwa ghali, naye anapata zaidi. Akisema hiyo ndiyo bei ya mwisho, pengine hata hajamuuliza mwenye nyumba. Inafaa mnunuzi akutane na mwenyewe uso kwa uso, akiwa na mtu mzima wa familia ao rafiki anayejua kartie ile.

Kutaja bei ya chini si kumtukana mtu, ikiwa bei hiyo ina sababu zinazoonekana kwa macho. Fundi aangalie malata, kuta na choo. Majirani waulizwe kama maji ya Regideso yanafika ao watu wanachota kisimani, na umeme wa SNEL unakosekana siku ngapi kwa juma. Nyumba iangaliwe tena kisha mvua kubwa, kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3, kwani katika kiangazi ukuta unaoingiza maji unaonekana mzima.

Tuseme mwenye nyumba anaomba dola 15 000. Fundi anaona malata ya kubadilisha yatakula dola 900, choo kipya dola 700, na kuna deni la umeme la dola 200. Jumla ni dola 1 800. Mnunuzi anaweza kuanza na 12 500, akijua moyoni kwamba hatapita 13 200. Akieleza hesabu hiyo kwa heshima, mwenye nyumba anaweza kukataa, lakini hatasema amezarauliwa.

Kuna upungufu mmoja tu ambao kupunguza bei hakuuponyi: karatasi. Kufuatana na sheria ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba na udongo. Parseli nyingi hazina sertifika. Mwenyewe ana fishi ya parseli ao karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Hizo ni mwanzo, hazitoshi. Kabla ya kutaja bei yoyote, mnunuzi aende kwenye ofisi ya konservateri kuuliza parseli ile iko kwa jina la nani, na kama haijauzwa kwa mtu mwingine.

Ikiwa ni nyumba ya urithi, mtoto mmoja hawezi kuiuza peke yake, na mjane ana haki yake juu ya nyumba alimoishi na mume wake. Ikiwa wenye nyumba ni bibi na bwana, wote wawili wakubali. Nyumba inayotolewa kwa nusu ya bei, ilipwe leo jioni, bila kuonyesha karatasi, isionekane kuwa bahati. Anayeinunua anaweza kulipa mara ya pili kwa avoka, na mwishowe akafukuzwa.

Inabaki neno moja kwa mwenye pesa mkononi. Wako wanaouza kwa sababu mgonjwa yuko hospitali ao kuna kilio nyumbani. Kupunguza bei kwa sababu ya malata mabovu ni haki. Kuipunguza kwa sababu mtu analia ni kumnyonya. Familia zilizouza mashamba yao kwa bei ya bure zikikimbia risasi zinajua uchungu huo. Tena mauzo ya namna hiyo hayakai: kisha miaka, ndugu wanaamka na kesi inafika tribinali. Bei nzuri ni ile ambayo mnunuzi anaiweza, na ambayo muuzaji hataijutia akipita mbele ya nyumba ile mwaka ujao.