Mastaa wa Moshi, Mpiga Besi Siyo Pambo!

Wadau, kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni. Suti mpya kanunua, madansa kawalipa, ila mpiga besi wake anachomekwa kwenye spika ya gitaa la solo. Jamani! Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Ile ya nyuzi tano, wanayoipenda watu wa metali, hushuka hadi 31. Spika hiyo itakoroma tu, mwisho ipasuke. Na kiboksi cha DI, kinachofikisha sauti kwenye miksa bila mvumo, hamna! Halafu mashabiki wanashuka toka Kilema, nauli na kiingilio juu, kusikia "laivu". Nunueni ampu ya besi kwanza, suti baadaye. Au nadanganya, wadau?