TUSIPITE VOI TUKIWA USINGIZINI

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, asiyeijua nchi yake tumwiteje?

Kila mwaka sisi wanafunzi wa Historia hupanda basi kwenda Mombasa kuiona Fort Jesus. Tukifika Voi tunanunua soda, kisha tunarudi kulala. Hakuna anayeuliza: kwani hiyo barabara ya kulia inakwenda wapi?

Mimi kwetu ni Bura, Kaunti ya Taita Taveta, basi nitawajibu. Inakwenda Taveta. Milima ya Taita ikishabaki nyuma, nchi inakuwa tambarare: udongo mwekundu, miiba na mibuyu. Siku isiyo na mawingu unauona Kilimanjaro mbele yako. Jamani, hapo palipiganwa vita! Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Mwaka wa 1915 Waingereza wakaanza kutandaza reli kutoka Voi. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita, wakatimuliwa.

Mjini Taveta kuna makaburi ya askari, mawe safu kwa safu, majina yamechongwa. Lakini Waafrika waliobebeshwa chakula na risasi walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Mawe yao yako wapi? Mwaka wa 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kuwa Waafrika wengi mno hawakukumbukwa kwa majina.

Nyanya yangu husema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi, wala hana kaburi. Likizo iliyopita niliwakuta watoto wakiokota maganda ya risasi wayauze pamoja na vyuma chakavu. Niliwagombeza, halafu nikaona haya. Si hata mimi niliwahi kuyauza? Nani alitufunza?

Najua wengine watasema, "Ah, hiyo ilikuwa vita ya wazungu." Kweli, ugomvi ulikuwa wao. Lakini mabega yaliyobeba mizigo yalikuwa yetu, na ardhi ni yetu.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wapendwa, safari ijayo basi likate kulia. Nawe mwanachama, likizoni waulize wazee wa kwenu kama kuna aliyekwenda akapotea, ulete jina lake tulichape katika jarida hili. La kwetu nyanya ameshanipa.