Mali Bila Daftari: Funzo la Tabora kwa Mkulima wa Karafuu

Wanachama wetu wanabishana siku hizi juu ya programu za simu za kuandikia kazi na gharama za shamba. Wengine wasema ni mchezo wa vijana. Wengine wasema ndiyo dawa ya kila tatizo. Sisi twaona kuwa programu hizi zafaa, lakini kwa sharti moja: mwenye shamba aandike mwenyewe, asome ripoti mwenyewe, na hesabu ibaki mkononi mwake. Ili kueleza sababu, twaomba msomaji afuatane nasi mpaka Tabora, ijapokuwa mkarafuu haumei huko.

Tabora si ngeni kwetu. Frasila tuliyopimia karafuu tangu enzi za wazee wetu, yaani ratili 35 au karibu kilo 16, ndiyo iliyopimia pembe za ndovu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, kwa miguu, kwa muda wa miezi kutoka pwani hadi Tabora. Mwenye msafara alikuwa na gharama nyingi: ujira wa wapagazi, posho ya kila siku, hongo kwa kila mtemi ambaye nchi yake ilipitiwa, na mizigo iliyopotea au kuharibika njiani. Aliyeziacha hizo akatazama bei ya pembe tu hakujua kama amepata au amekula hasara.

Tena misafara mingi ilikwenda kwa mkopo. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa bidhaa na kungoja malipo. Daftari la deni lilikuwa Unguja, na mdeni alikuwa bara. Wako waliokaa bara miaka mingi kwa kuwa hawakuthubutu kurudi pwani kukabili madeni yao.

Haifai kuitaja njia hiyo tukawasahau waliopitishwa humo kwa nguvu. Wengi walitekwa, wakaletwa visiwani, wakapalilia na kuchuma karafuu bila ujira. Kazi yao haikuandikwa kama ujira wa mtu, ikaonekana kana kwamba shamba lajiendesha lenyewe. Utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wenye mashamba walilazimika kuitazama gharama ya palizi na uchumaji ambayo siku zote ilikuwapo, ila ililipwa na wengine kwa miili yao. Tangu hapo twajua kuwa kazi isiyoandikwa si kazi ya bure.

Sasa tutoke Tabora kidogo kuelekea magharibi, tufike Urambo, makao ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Zililetwa trekta nyingi na wataalamu wengi. Ilinuiwa kulima zaidi ya eka milioni tatu. Mwaka 1949 wakaguzi waliotazama hesabu za shirika la Overseas Food Corporation hawakuweza kuthibitisha kuwa vitabu vilitunzwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizofutwa zilipita pauni milioni 36. Hatusemi kuwa daftari peke yake lingeleta mvua au kulainisha udongo mgumu wa Kongwa. Lakini hesabu nzuri ya kila eka ingeonyesha mapema kuwa kufyeka kunakula fedha kuliko ilivyodhaniwa, kabla eka nyingine hazijafyekwa. Trekta peke yake hazikutosha. Walikosa pia habari ya kweli kwa wakati wake.

Urambo baadaye ikageukia tumbaku, na leo mkoa wa Tabora wajulikana kwa zao hilo. Huko mkulima hupata mbolea kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na deni hukatwa tumbaku inapouzwa. Chama kina vitabu vyake, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kompyuta uitwao MUVU wa kusimamia vyama. Ni jambo jema. Lakini vitabu hivyo ni vya chama. Haviandiki siku mkulima alizopalilia, wala kuni alizokata kukaushia tumbaku. Mkulima asiye na hesabu yake mwenyewe huona makato tu, akashindwa kuuliza: "Hii imetoka wapi?"

Turudi kwetu. Programu ya simu si kitu cha ajabu. Shamba hugawanywa vipande, na kila kipande hupewa jina. Kila siku ya kazi huandikwa kipande, kazi iliyofanyika, watu waliofanya, na fedha iliyotoka. Mwisho wa mwezi au wa msimu programu hujumlisha na kutoa ripoti: kwa kila kipande, kwa kila kazi, kwa kila mwezi. Zipo zinazofanya kazi bila mtandao na kutuma habari mtandao ukipatikana.

Tutoe mfano wa kubuni. Mkulima ana vipande viwili, cha Juu na cha Bondeni. Juu alitumia shilingi 150,000 kwa palizi, 400,000 kwa wachumaji, na 50,000 kwa kuanika, mifuko na usafiri. Jumla 600,000, akapata kilo 100 kavu. Bondeni alitumia 150,000 kwa palizi, 160,000 kwa wachumaji na 50,000 kwa hayo mengine. Jumla 360,000, akapata kilo 40. Asiyetenganisha atasema kilo imemgharimu karibu shilingi 6,900. Ripoti itamwambia kuwa kilo ya Juu ni 6,000 na ya Bondeni ni 9,000. Sasa ana la kufikiri.

Je, ang'oe mikarafuu ya Bondeni? La, asifanye haraka! Hapa ndipo mkulima wa karafuu anapotofautiana na mwenzake wa tumbaku. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu mkubwa huja baada ya miaka kadhaa, na katikati ni misimu midogo. Palizi haingoji msimu mkubwa, lakini wachumaji hulipwa kwa pishi walizochuma. Kwa hiyo ripoti ya msimu mmoja yaweza kudanganya. Ya miaka minne au mitano ndiyo itakayosema kama Bondeni pana maradhi, au mikarafuu imezeeka, au ilikuwa zamu yake kupumzika. Anayeanza kuandika leo na kuacha mwakani amejipunguzia faida ya kazi yake.

Yapo mambo matatu ambayo wengi husahau kuandika. La kwanza ni kazi ya mwenye shamba, mkewe na wanawe: kuchambua usiku, kuanua majamvi mvua ikitishia. Hata kama hailipwi, saa zake ziandikwe. La pili ni makonyo. Nayo huuzwa, basi yawe na mstari wake katika mapato. La tatu ni hasara: karafuu zilizonyeshewa zikawa mpeta, au zilizoibwa mtini. Hasara isiyoandikwa hurudi msimu ujao.

Wako wanaoogopa kuwa ripoti zitafika kwa watu wasiohusika. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Mwenye kuijua gharama yako ya kilo moja ajua mpaka wapi utavumilia bei ndogo, na mkopeshaji ajua lini una shida. Kwa hiyo twapendekeza kwa Chama: ripoti ya mwanachama isipelekwe benki wala kwa yeyote bila idhini yake ya maandishi, kila msimu apewe nakala ya karatasi, na asiye na simu, au asiyejua kusoma, asaidiwe na karani wa tawi, asomewe ripoti yake mbele yake mpaka aielewe. Jumla ya wote, bila majina, itumike kudai bei inayolingana na gharama. Tukienda kuzungumza bei tukisema tu kuwa "maisha ni magumu", tutaonewa huruma. Tukienda na gharama ya kilo moja iliyoandikwa na wanachama mia kwa miaka minne, itabidi tujibiwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Palizi ya msimu huu inaanza. Basi kila mwanachama ayape majina vipande vya shamba lake, na siku ya jembe la kwanza aandike mstari wa kwanza, iwe kwa simu au kwa kalamu.