Vakansi ya Noeli: tuwapeleke wote Beni

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunga trimesta ya kwanza, sisi kina mama wa soko la Butembo tunarudia swali lile lile: watoto tutawaweka wapi? Wengi huwagawa. Mvulana mkubwa hubaki dukani kumsaidia baba yake, kwa kuwa Desemba ndio mwezi wa mauzo. Wasichana hupelekwa kwa bibi kijijini. Mdogo huachiwa binti wa kazi. Januari wanakutana tena mezani, kila mmoja na vakansi yake, wala hakuna aliyeona alichokiona mwenzake. Mimi nauza madaftari na kalamu. Mwezi wangu mkubwa ni Septemba, na najua muuza vitenge hawezi kufunga duka Desemba kwa wepesi kama mimi. Hata hivyo nasema: familia inayomudu nauli ya Beni iwachukue watoto wote, wa miaka 4 na wa miaka 16, katika safari moja, siku zile za kati ya Noeli na Bonane.

Safari ya mjini ikitajwa hapa kwetu, watu hufikiria Kampala. Sina ubaya na Kampala, ila kutoka mpaka wa Kasindi kuna kama kilomita 400 kufika huko, na mtoto wa miaka 4 aliyeketi garini tangu alfajiri hafiki akiwa na hamu ya kuona chochote. Anafika analia. Goma, ambako zamani ndugu zetu walipeleka watoto waone ziwa, iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, na njia ya kusini imekatwa na vita. Beni iko kilomita 54 kutoka Butembo. Wengi tuna ndugu pale, kwa hiyo malazi si tatizo. Tena Beni ni mji mwingine kweli: Butembo tuko juu ya mita 1,700, Beni iko karibu na 1,200, na mtoto aliyeondoka asubuhi amevaa sweta anaivua kabla ya kufika. Kwa mtoto mdogo hiyo peke yake ni safari. Ameona kwamba kuna mahali ambapo hewa ni nyingine.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, iko ndani ya nyumba. Watoto wangu wanakaa chini ya paa moja, lakini kila mmoja ana barabara yake ya Beni kichwani. Kifungua mimba alikuwa na miaka 9 Ebola ilipotangazwa, tarehe 1 Agosti 2018. Anakumbuka ndoo za maji ya klorini mlangoni pa darasa, kipimo cha joto kilichoelekezwa kwenye paji la uso katika kila kizuizi, na Noeli ambayo watu walisalimiana kwa viwiko. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Dada yake, ambaye sasa ana miaka 10, amebaki na harufu ya klorini tu. Kitinda mimba alizaliwa 2021, mwaka ambao Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Yeye hajui barabara isiyo na askari. Na yuko binti wa mdogo wangu, miaka 14, aliyetufikia katikati ya 2024 baada ya Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa M23. Ananiita mama mkubwa na anaongea machache. Barabara kuu kwake ni kitu cha kutembea kwa miguu, na godoro kichwani.

Ukiwagawa hawa wakati wa vakansi, unaziacha kumbukumbu hizo kila moja kwenye kona yake. Ukiwaweka kwenye gari moja, mkubwa ataanza kusimulia. Atasema, hapa ndipo tuliposhushwa kunawa mikono, na mdogo atauliza kwa nini. Maswali ya mdogo humfanya mkubwa aseme mambo ambayo mzazi akiuliza hapati jibu. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa. Paluku au Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mila yenyewe inajua kwamba mtoto hazaliwi peke yake, anazaliwa mbele au nyuma ya mwingine. Basi safari nayo ipangwe hivyo.

Na kupanga ndiko kwenye kazi. Kwanza, saa ni za mdogo. Ondokeni asubuhi baada ya uji. Mdogo alipiwe kiti chake. Asipakatwe safari nzima, kwa sababu anayempakata ni binti wa miaka 10, na wote wawili watafika wamechoka. Asubuhi moja iwe na jambo moja tu kubwa. Saa sita mrudi nyumbani kwa ndugu, mdogo ale na alale. Mvua nyingi za Desemba hushuka mchana, kwa hiyo hamjapoteza kitu. Alasiri ni ya wakubwa: kijana atoke na binamu zake mahali panapojulikana na arudi kabla jua halijazama. Huyo ndiye ambaye mpango mbaya humuumiza zaidi. Mtoto wa miaka 16 ukimzungusha siku nzima nyuma ya mtoto wa miaka 4, mwaka ujao atakuambia anabaki dukani, na utakuwa umempoteza.

Mpe kazi ya kweli. Mimi humkabidhi mkubwa pesa ya siku moja: nauli ya pikipiki, soda, sambusa, chakula cha mchana. Ikiisha imeisha. Anajadili bei na muuzaji, anawagawia wadogo, na usiku ananionyesha hesabu. Binti wa miaka 10 anabeba daftari na kuandika majina ya vijiji tunavyopita, Maboya, Kabasha, na yale ambayo dereva anayajua. Wa miaka 14 sikumpa kazi yoyote. Nilimwambia achague mahali pa kukaa garini, akachagua mlangoni, na hakuna aliyebishana naye.

Kuna jambo ambalo wazazi husahau: karatasi za kijana mrefu. Mvulana wa miaka 16 mwenye kimo cha baba yake hana kadi ya uchaguzi, na kwenye kizuizi anaweza kuulizwa kama mtu mzima. Achukue kadi ya mwanafunzi na buletini ya trimesta. Mweleze pia kabla hamjatoka kwamba simu haipigi picha askari wala kizuizi, hata kama nyuma yake kuna mandhari nzuri.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe cha kuona. Watoto wetu wana binamu Brussels na Montréal, na kila Desemba simu zinajaa picha za theluji. Wadogo wanaamini theluji ni mali ya Wazungu. Mjini Beni, asubuhi iliyotakata, mtoto akigeukia mashariki anaiona milima ya Rwenzori, na juu kabisa, kwenye mita 5,109 za kilele cha Margherita, barafu ipo. Iko karibu na ikweta, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, ndani ya Mbuga ya Virunga kwa upande wetu. Inabidi kuamka mapema, maana mawingu huifunika haraka. Mdogo anataka tu kuonyeshwa kwa kidole. Mkubwa aambiwe zaidi: mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni, barafu ya Rwenzori ilienea kwenye takribani kilomita za mraba 7, na leo haifiki moja. Kijana wa miaka 16 akiisikia tarakimu hiyo huku mlima uko mbele yake, anapiga hesabu mwenyewe ya miaka iliyobaki. Kwangu hii ndiyo sababu ya haraka kuliko zote. Mtoto wangu wa miaka 4 anaweza kuwa katika kizazi cha mwisho kitakachoiona barafu hiyo akiwa amesimama Beni.

Halafu kakao. Butembo tunaijua kama mizigo inayopita kwenye malori. Beni unaikuta imeanikwa juani kwenye maturubai. Omba mkulima au mnunuzi unayemfahamu awapasulie tunda. Mdogo atanyonya ute mweupe ulio mtamu na kutema mbegu chungu, na hapo umemaliza naye. Wa kati ataelezwa kwamba mbegu hufunikwa siku kadhaa ili zichachuke kabla ya kuanikwa, na kwamba bila hatua hiyo hakuna ladha ya chokoleti. Mkubwa atauliza kwa nini tunanunua chokoleti kutoka nje wakati mbegu zinatoka hapa, na mjomba wake, kaka yangu anayeishi Beni, atamjibu mpaka chakula kipoe. Watoto wote wamesimama mbele ya turubai moja, na kila mmoja amepata cha umri wake. Usiingie mashambani. Wakulima wengi wameuawa na waasi wa ADF katika mashamba hayo hayo ya kakao, na mkubwa anastahili kuambiwa hilo pia, kwa sauti ya chini, mdogo akiwa amelala.

Najua nitakachoambiwa: unawapeleka watoto Beni? Tarehe 25 Desemba 2021 mlipuko uliua watu waliokuwa wakisherehekea Noeli katika baa mjini Beni, watoto wakiwemo. Sijasahau, na wala simshawishi mzazi asahau. Ndiyo maana nasema siku za kati, tarehe 27 au 28, na si sikukuu yenyewe. Hatukai baa, hatukai kwenye mikusanyiko mikubwa, na ikifika jioni sote tuko ndani. Asubuhi ya safari tunampigia simu dereva, tunampigia ndugu wa Beni, na mmoja wao akisema leo hapana, tunafungua mabegi. Watoto waambiwe tangu mwanzo kwamba safari inaweza kuvunjika, ili isiwe adhabu kwao. Lakini sikubali kauli ya kungoja amani. Mauaji ya eneo la Beni yalianza Oktoba 2014. Binti yangu wa miaka 10 hakuwa amezaliwa. Tukingoja, atamaliza utoto wake bila kumjua mjomba wake isipokuwa kwa simu.

Pesa ni hoja nzito zaidi. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, ila sekondari inalipwa, na Januari haina huruma. Kwetu tumeamua hivi: badala ya nguo mpya za Noeli, nauli. Kuku anabaki, soda inabaki, nguo inangoja. Binti wa miaka 10 alinuna, na alikuwa na haki ya kununa, kwa sababu rafiki zake wote watakwenda kanisani na nguo mpya. Kwa umri wake hicho ni kitu kikubwa, kwa hiyo tulimpa viatu.

Kwa familia ambayo hata nauli hiyo haipo, na Butembo ziko nyingi, tena zikiwa na wageni wa vita ndani, mji wenyewe uwe safari. Hapa nazungumza na mameya wa Butembo na Beni, na maparoko, na wafanyabiashara wa FEC. Fungueni viwanja vya shule na vya parokia asubuhi, kuanzia tarehe 27 hadi 30 Desemba. Leteni maji ya kunywa, mipira michache, mwalimu mmoja wa kuwasomea wadogo hadithi, na polisi mlangoni. Vijana wakubwa wapewe jukumu la kuwasimamia wadogo. Hakuna gharama kubwa hapo. Mji huu, enzi za Askofu Kataliko, ulitengeneza barabara zake kwa michango na kazi za pamoja za salongo, na tangu 1989 una Université Catholique du Graben. Watu walewale hawawezi kushindwa na asubuhi nne za watoto. Chukudu, zile baiskeli za mbao zilizopakia makaa, zikipita nje ya uzio, wa miaka 4 watapata pia cha kutazama.

Shule zinakaribia kufunga. Wazazi wa komuni zetu za Kimemi, Mususa, Vulamba na Bulengera wanaweza kuanza kuandika barua kwa meya wiki hii, na wenzetu wa Beni waandike kwa wa kwao. Wanaopanga gari la tarehe 27 waulize bei mapema, kabla ya Noeli, maana baada ya hapo madereva hupandisha.